Tumechoka Kuhesabiwa, Tunataka Kukumbukwa

Wabongo tuna ugonjwa mmoja: tukisikia neno TEHAMA tunapiga makofi kwanza, maswali baadaye. Kompyuta zimefungwa hospitali? Makofi. Mheshimiwa kakata utepe? Makofi. Leo naomba tuanze na swali.

Mama mjamzito yuko Mnyuzi, hali imebadilika, anapewa rufaa kwenda hospitali ya Magunga, Korogwe mjini. Siku hizi kuna m-mama: unapiga 115 bure, gari linakuja. Safi sana. Je, habari zake za kliniki nazo zinakuja? Kwa wengi bado ziko kwenye kadi, ndani ya mkoba. Mkoba ukisahaulika nyumbani, daktari anaanza upya: mimba ya ngapi hii, grupu la damu lipi, uliwahi kupasuliwa? Na mgonjwa huenda hana hata nguvu ya kujibu.

Msiniambie hatuna mifumo. MTUHA ipo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ilienea nchi nzima. Halmashauri zina GoTHoMIS. Mifumo tele! Lakini inamtumikia nani? MTUHA na DHIS2 zinahesabu: malaria wangapi mwezi huu, waliojifungua wangapi. Wakubwa wanapata ripoti. GoTHoMIS nayo ikisifiwa, sifa inayosikika mara nyingi ni kwamba makusanyo yamepanda. Sawa, takwimu tunazihitaji, dawa haziagizwi kwa kubahatisha. Ila mgonjwa mwenyewe anabaki namba tu.

Mzigo wote kabebeshwa muuguzi. Anaandika kwenye rejista, kisha anaingiza yale yale kwenye kompyuta, huku foleni inamsubiri. Halafu tunamsema eti hapendi teknolojia!

Wengine watadai vijijini haiwezekani. Jamani, Korogwe hiyo hiyo ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kuanzia 2009 hadi 2014. Watoto walioshiriki walifuatiliwa kwa miaka, na habari zao zikaandikwa kwa makini. Oktoba 2021 WHO ikapendekeza chanjo hiyo itumike. Kwa hiyo kumkumbuka mtoto wa kijijini tunaweza. Kwa utafiti wa dunia tunaweza, kwa tiba yake mwenyewe tunashindwa?

Na usiri? Hoja nzito, siipuuzi. Lakini daftari la mgonjwa hata jirani analisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo. Mfumo unaoonyesha nani kafungua faili lako, na saa ngapi, unakulinda kuliko karatasi.

Tunaambiwa mifumo inaunganishwa. Vizuri. Basi iwe ya kuandika mara moja tu, ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na faili limfuate mgonjwa kuanzia zahanati mpaka Bombo.

Siku habari za yule mama zitakapofika Magunga kabla ya gari lake, nitapiga makofi mpaka viganja viume. Kabla ya hapo, mnisamehe, mikono yangu iko mfukoni.