Mtandao umefika. Umefika wapi?

Ndugu msomaji, usiku mmoja majuma machache yaliyopita nilimkuta jirani yangu, mfanyakazi wa kiwandani na mama wa watoto watatu, amesimama kando ya barabara kuu saa tano za usiku. Mkono mmoja ulishika tochi. Wa pili ulimvuta mwanawe asikumbwe na pikipiki. Kijana alikuwa ameinua simu yake juu. Alikuwa akituma fomu ya kuomba nafasi ya chuo, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa sita usiku ule ule.

Nyumbani kwao kulikuwa na kisanduku cha intaneti ya kasi, kilichonunuliwa kwa fedha za upatu. Muuzaji alimwonyesha mama ramani ambayo mtaa wao wote ulikuwa umepakwa rangi, akamwambia, "Mama, kwenu mtandao umefika." Taa za kisanduku ziliwaka vizuri. Fomu ndiyo iliyokataa kwenda.

Hatimaye ilikwenda, zikiwa zimesalia dakika chache. Lakini tulipokuwa tukirejea, mama yule aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni hadi leo: "Kama umefika, mbona mimi ndiye niliyeufuata barabarani?"

Swali hilo limewahangaisha hata wakubwa wenye fedha nyingi. Mnamo Desemba 2019, watumishi wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani walitoa taarifa baada ya kupita na vipimo katika maeneo ambayo makampuni ya simu yalidai kuwa yana mtandao wa 4G. Katika vipimo vilivyofanywa barabarani, takriban asilimia 62 tu vilifikia ile kasi ya chini ambayo ramani ziliahidi. Kwa upande wa intaneti ya majumbani, kwa miaka mingi nchini humo nyumba moja tu ikifikiwa, eneo lake lote la sensa lilihesabiwa kuwa limefikiwa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2020, na Novemba 2022 ikatolewa ramani mpya ya nyumba kwa nyumba, ambayo mwananchi anaruhusiwa kuipinga.

Tatizo hili lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulivuma ufundi wa intaneti bila waya uitwao WiMAX. Matangazo yalisema mnara mmoja ungefika kilometa 50 na kutoa kasi ya megabiti 70 kwa sekunde. Mambo yote mawili yaliwezekana, ila si kwa wakati mmoja. Umbali ule ulihitaji antena zilizoinuliwa juu pande zote mbili, pasiwe na kilima wala jengo katikati. Kasi ile ilimhitaji mtumiaji aliye karibu na mnara, na asiyegawana na wengi. Mwenye kisanduku chake sebuleni alihudumiwa kwa kilometa chache tu. Mjini Baltimore, Marekani, huduma hiyo ilizinduliwa Septemba 2008. Ilipofika mwaka 2016 kampuni iliyoileta ilikuwa imekwisha kuuzima mtandao huo, na ufundi wa 4G tulionao leo ukashika nafasi.

Kwa nini basi mtandao ufike mtaani na usifike chumbani? Sababu ni tatu, nazo hazihitaji shahada kuzielewa.

Ya kwanza ni aina ya mawimbi. Ngoma nzito husikika ng'ambo ya kilima, hali filimbi huishia uani. Ndivyo yalivyo mawimbi ya redio. Yenye masafa ya chini, kama megahezi 700 au 800, huenda mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yenye masafa ya juu, kama megahezi 3,500 yanayotumiwa sana na 5G, hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka upesi, na ukuta wa zege huyadhoofisha mno. Bati ndilo adui mkubwa kupita yote, kwa kuwa madini huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Ya pili ni kwamba mazungumzo yana pande mbili. Mnara hupaza sauti, simu hunong'ona. Twaweza kuziona alama za mtandao kwenye simu kwa sababu tunausikia mnara, ilhali mnara hautusikii sisi. Hapo ndipo picha hushuka lakini fomu hukataa kupanda.

Ya tatu ni kugawana. Kasi iliyoandikwa kwenye tangazo ni ya mnara, wala si ya mtu mmoja. Mnara ni kama bomba la maji la mtaa. Alfajiri ndoo hujaa upesi; jioni, wote wakisharudi kazini, foleni huwa ndefu na maji hutoka kwa kudondoka. Tena bomba lenyewe hulishwa na bomba kubwa. Mnara usiounganishwa na mkongo wenye uwezo wa kutosha utawaka taa zote na bado ukawa na kiu.

Ndiyo maana usambazaji wa huduma hii huenda polepole. Kampuni huanza palipo na wateja wengi, kwa kuwa mnara wa mjini na wa kijijini hugharimu fedha nyingi vilevile, bali mapato hayalingani. Kwa sababu hiyo Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kusaidia kupeleka huduma mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Mwaka 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hiyo ni hatua ya kushukuriwa. Lakini kuhesabu minara ni jambo moja, na kupima kinachofika mikononi mwa mtoto anayesoma ni jambo jingine.

Basi wazazi wenzangu, tusinunue mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kutoa fedha, tuombe kukijaribu kifaa nyumbani kwetu, katika chumba kile kile kitakapotumika, tena saa mbili usiku na si saa nne asubuhi. Muuzaji akikataa, tuazime simu ya jirani yenye laini ya kampuni hiyo na kuijaribu humo chumbani. Tujaribu kutuma, si kupokea tu. Tukishanunua, tukiweke kisanduku juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na bati na friji. Na huduma isipolingana na ahadi, tuandike siku, saa na kasi tuliyopata, tuyapeleke malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko yenye tarakimu hayapuuzwi kwa urahisi kama manung'uniko.

Jirani yangu amekwisha kukihamisha kisanduku chake. Sasa kimekaa juu ya kabati, pembeni mwa dirisha la jikoni, na kijana husomea huko baada ya vyombo kuoshwa. Si mahali pazuri pa kusomea, lakini barabarani ni pabaya zaidi. Majibu ya chuo bado yanangojwa.

Siku muuzaji atakapokuambia kwamba mtandao umefika, ndugu msomaji, mwulize kwa upole: umefika barabarani, umefika mlangoni, au umefika mezani kwa mwanangu? Kuuliza si ujinga.

Tukutane Jumapili ijayo.