Karata Mkononi Mwako, Hesabu kwa Mwenye Meza

Mwaka 2024 sisi watu wa pwani tuligombana na ndugu zetu wa Embu kwa sababu ya jani. Mwezi wa Mei gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Embu, chini ya gavana Cecily Mbarire, wakalalamika kuwa tumewakatia riziki. Rais Ruto akasema amri zile hazina nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Kila upande ukarudi kwao na hasira zake.

Hivi karibuni nilipita Embu na Meru, nikarudi na swali jengine. Zile pesa ambazo kijana wa Kisauni anatoa kununua muguka, zikishafika Mbeere zinaenda wapi? Na za miraa zikifika Maua? Nyingi zinalisha watoto na kulipa karo, hilo siwezi kulikataa. Lakini nyengine zinaishia pale pale zinapoishia za kijana wetu: kwenye kamari ya simu.

Pale Embu mjini kijana mmoja wa bodaboda, alipojua natoka Mombasa, aliniuliza: "Mzee, huko kwenu kuna kasino za bei nafuu, zile za bakarati ambazo mtu anashika karata mwenyewe?" Kwenye simu ameshachoka, akasema. Anataka meza ya kweli, kwa sababu akishika karata kwa mkono wake hakuna wa kumwibia.

Swali lake si la kipuuzi. Kasino kubwa za Kenya ziko Nairobi na huku kwetu pwani, na vijana wengi wanaamini kama yeye. Basi tulitazame.

Bakarati ina pande mbili, moja inaitwa Mchezaji na nyengine Benki. Kila upande hupewa karata mbili, na unaokaribia zaidi 9 ndio unaoshinda. Wewe unachagua upande wa kuwekea pesa, basi. Karata ya tatu ikitoka, inatoka kwa kanuni iliyoandikwa tangu mwanzo. Si wewe unayeamua, wala si mgawaji.

Sasa, kwenye meza za viwango vya juu, aliyeweka pesa nyingi huruhusiwa kuzifunua karata mwenyewe, polepole, akiikunja ncha huku jasho linamtoka. Kwenye meza za bei ya chini mgawaji huzifunua mwenyewe, mchezo uende haraka. Kwa hiyo kushika karata ni raha inayouzwa kwa bei ya juu. Lakini ukiifunua wewe au akiifunua yeye, karata ni ile ile. Mkono wako hauongezi hata nukta moja.

Fungu la mwenye meza nalo halibadiliki. Kwa mchezo wa pakiti 8, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, kwa wastani hubakia kwake shilingi 1.06 upande wa Benki na 1.24 upande wa Mchezaji. Ukiwekea sare, zinabakia zaidi ya 14. Mtu akiona 1.24 atasema ni kidogo. Ni kidogo ukicheza mara moja. Mwenye meza hategemei mara moja.

Na simu imekuja kuiuza raha ile ile kwa rahisi. Kampuni ya Evolution, yenye studio Riga nchini Latvia, ina mchezo wa bakarati ambapo unaburuta kidole kwenye kioo na karata inafunuka taratibu, kama uko nayo mkononi. Ile ndege ya Aviator nayo inakupa kitufe cha kushuka, udhani ujanja ni wako. Pia kuna meza za haraka ambazo mzunguko mmoja hauchukui hata nusu dakika. Weka shilingi 50 mara 120 kwa saa: umezungusha shilingi 6,000, nawe ulikaa kucheza kwa sababu shilingi 50 ni bei nafuu.

Hapo bado kodi. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, serikali huchukua asilimia 5 ukiingiza pesa kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyengine ukizitoa. Tia shilingi 1,000, usicheze hata mara moja, kisha zitoe: utapata 902 na senti 50. Karata bado haijagawiwa, na karibu shilingi 100 zimeshaondoka.

Kwetu Waislamu jambo hili limekwisha kuamuliwa. Aya ya 90 ya Surat al-Maida imezitaja pombe na kamari pamoja. Lakini kijana wa Embu si lazima ashike dini yangu ndipo aione hesabu hii.

Ninalowaambia viongozi wa pande zote mbili ni hili. Kwenye muguka tulishindana na sheria ya mazao, ambayo inaulinda mmea ule. Kwenye kamari, Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka zao waziwazi: kamari na kasino zimeandikwa katika kazi za kaunti. Mombasa, Kilifi, Embu na Meru zinaweza kuzibana kumbi na mashine za sarafu madukani bila kugombana na mkulima yeyote. Mwaka 2018 serikali kuu chini ya waziri Fred Matiang'i ilizikamata mashine hizo na kuziteketeza, lakini msako si sheria.

Simu haizuiliwi kwenye kizuizi cha barabarani kama gunia la muguka. Hiyo ni kazi ya mamlaka mpya ya kamari, iliyoundwa kwa sheria ambayo Rais aliitia saini Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Magavana wetu, badala ya kurushiana maneno, waende pamoja wakadai mambo mawili: kila mchezaji aonyeshwe kwenye kioo jumla ya alichopoteza mwezi huo, na awekewe kiwango asichoweza kukivuka.

Yule kijana nilimjibu kwamba meza anayoitafuta ipo, ila karata atakayoishika haitamjua. Alicheka, akasema nimeongea kama babake. Kisha abiria akamwita, akawasha pikipiki, simu ikiwa imefungwa pale mbele kwenye usukani, bado inawaka.