Mbau haihitaji sanduku lenye kufuli

MBAU, eneo la Beni – Kila anayeleta mradi wa kusukuma maji katika sekta ya Beni-Mbau ajibu kwanza swali moja: tanki ya kilimani ikijaa au ikikauka, nani atatembea hadi bondeni kuzima au kuwasha pampu, na saa ngapi?

Kwingine swali hilo lingekuwa dogo, lakini hapa sivyo. Mbau iko kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayoelekea Oicha. Ni kona moja ya ile pembetatu ya kifo, Mbau-Kamango-Eringeti. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni wameuawa mashambani, njiani na majumbani. Utawala wa kijeshi uliwekwa tarehe 6 Mei 2021. Majeshi ya Kongo na ya Uganda yalianza operesheni zao za pamoja mwisho wa Novemba mwaka huo. Pamoja na hayo yote, mlinzi wa pampu anayeshuka chemchemini peke yake alfajiri au jioni anaacha familia yake ikiomba Mungu arudi.

Matembezi hayo yanaweza kupunguzwa na chombo kidogo ambacho bei yake haifikii ya pikipiki. Mafundi wanakiita otomati. Ni kisanduku kinachofungwa ndani ya kabati la umeme, kinasoma habari na kutoa amri. Kando yake kunawekwa kisanduku kingine cha mbali, kule kwenye tanki. Hicho cha mbali kinasoma floteri, yaani kile kielea kinachoonyesha kiasi cha maji, kinatuma habari hadi kwenye pampu, na pampu inajizima au kujiwasha yenyewe.

Wafadhili wengi na makampuni yanayoshinda masoko wanakijua chombo hiki. Tatizo ni namna wanavyokichagua na namna wanavyokiacha.

Kosa la kwanza ni kufuli. Mara nyingi kampuni inatoka mbali, inafunga otomati ya bei ghali kuliko kazi yenyewe, inaweka neno la siri kwenye programu, inapiga picha siku ya uzinduzi, kisha inaondoka. Radi ikipiga baada ya miezi kadhaa, fundi wa hapa anafungua kabati na kukuta sanduku asiloweza hata kulisoma. Programu haiko mikononi mwa komite ya maji, michoro ya nyaya haipo, na waya maalum wa kuunganisha na kompyuta uliondoka na mwenyewe. Basi pampu nzima inaunganishwa moja kwa moja bila ulinzi wowote, au inalala. Akina mama wanarudi mtoni na bidoni.

Huo si ufundi wa hali ya juu. Ni kumfanya mwenye mali kuwa mgeni katika mali yake. Na unapingana na sababu iliyofanya chombo hiki kizaliwe. Otomati ya kwanza inayojulikana sana, Modicon 084, ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kuondoa makabati makubwa ya rele katika viwanda vya magari. Programu yake ilichorwa kama ngazi, mfano wa michoro ya rele, ili fundi umeme wa kiwandani aweze kuisoma na kuibadilisha mwenyewe. Ikiwa fundi wa kiwanda cha magari alistahili kufungua sanduku lake, kwa nini fundi wa Mbau, Oicha au Butembo asistahili?

Kosa la pili ni la upande wa pili: kukimbilia kilicho rahisi kupita vyote. Wapo wanaosema Arduino ya dola chache inatosha. Kadi ile ni nzuri sana kwa kufundishia vijana. Lakini Arduino Uno ya kawaida inafanya kazi kwa volti 5, haina ulinzi wa kutosha dhidi ya mishtuko ya umeme, na haikutengenezwa kukaa miaka ndani ya kabati lenye joto na unyevu karibu na mota. Vifaa vya kiwandani hutumia volti 24 na vimejengwa kwa mazingira hayo. Hata Arduino wenyewe walilitambua hilo, wakatoa Opta, ambayo ni otomati halisi. Anayefunga kadi ya shule kwenye pampu ya kijiji anasogeza gharama mbele tu, na watakaoilipa ni wakaaji.

Basi kichaguliwe nini? Kwanza zihesabiwe kazi, kabla ya kutaja jina la kampuni. Pampu moja ya kijiji inahitaji kusomewa mambo matano: tanki imejaa, tanki imepungua, maji yapo chemchemini, mota imezidiwa, umeme umekamilika. Inahitaji amri tatu: kuwasha pampu, kufungua vane, kuwasha taa ya hatari. Jumla ni nane. LOGO! ya Siemens, iliyo kati ya zile ndogo na za bei ya chini, ina sehemu 8 za kusoma na 4 za kuamuru hata kabla ya kuongezewa kitu. Mahali penye pampu kadhaa, M221 ya Schneider inatosha, na programu ya kuiandikia hutolewa bure. Kwa hiyo anayeleta otomati ya maelfu ya dola kwa kazi hiyo aeleze pesa zimeenda wapi.

Pili, itazamwe lugha ambayo visanduku vinazungumza. Kuna lugha iitwayo Modbus, iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, ambayo leo inatumiwa na watengenezaji wengi bila kulipa mtu. Otomati yenye Modbus inaweza kuunganishwa na kisanduku cha mbali cha kampuni nyingine kabisa, hata cha Kichina cha makumi machache ya dola. Kikiungua, kinanunuliwa kingine kokote. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao wamezoea kuleta makontena kutoka Dubai na Uchina, hawatashindwa kuongeza kisanduku kimoja ndani ya mzigo. Otomati isiyojua ila lugha ya kampuni yake inaifunga komite ya maji kwa duka moja maisha yote.

Tatu, radi. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Njia ya waya ya RS-485, ambayo Modbus huitumia mara nyingi, inaweza kufika mita 1200, lakini mita 1200 za shaba kutoka kilimani hadi bondeni ni mwaliko kwa radi. Waya huo ukilazimika kuwekwa, pande zote mbili ziwe na vifaa vya kuzuia mshtuko na waya mzuri wa ardhi. Pengine redio ndogo ni bora kuliko waya.

Nne, habari ikikatika, pampu izimike. Hili halina mjadala. Floteri iunganishwe kwa namna kwamba waya ukikatwa, otomati ielewe kuwa tanki imejaa, isimame. Pampu inayozunguka bila maji inaungua, na bei ya pampu ni mara nyingi ya otomati.

Kuna wanaopinga. Wanasema mlinzi atapoteza kazi. Hapana. Atabaki kusafisha, kulinda vifaa na kupokea malipo ya maji, ila mchana na karibu na watu. Wengine wanasema hapa hakuna watu wa kuvielewa vyombo hivyo. Hao waende kwenye karakana za Beni na Butembo waone vijana wanaofufua jenereta na mota ambazo wenyewe walishazitupa. Kinachokosekana ni siku chache za mafunzo na ruhusa ya kufungua sanduku. Wengine tena wanasema otomati haizuii risasi. Ni kweli, haileti amani. Lakini kila safari ya bondeni inayoondolewa ni nafasi moja chini ya mtu kukutana na muuaji.

Na maji si starehe. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa, ukianzia Mangina katika eneo hili hili, agizo la kwanza lilikuwa kunawa mikono. Kituo cha afya chenye bomba kavu hakiwezi kutii agizo hilo.

Kwa hiyo komite za maji na viongozi wa sekta wakatae kutia sahihi kazi yoyote ambayo haijakamilisha mambo haya matano: programu yote ikabidhiwe bila neno la siri, michoro iachwe ndani ya kabati, lugha iwe ya wazi kama Modbus, otomati ya pili na kisanduku cha mbali cha pili viwe kwenye rafu tangu siku ya kwanza, na mafundi wawili wa hapa wawe wamebadilisha kifaa kwa mikono yao mbele ya kampuni kabla ya utepe kukatwa.

Kampuni itakayosema masharti hayo ni magumu iende zake na sanduku lake.