Hewa ya Ukaa na Thamani Yake

Mkulima atiaye urea katika shamba lake la mahindi huenda hajapata kuambiwa ya kuwa zile chembe nyeupe zimefanyizwa kwa amonia na hewa ya ukaa, ile ile inayolaumiwa kwa kuutia ulimwengu joto, na kwamba sanaa hiyo ilianza viwandani Ujerumani mwaka 1922. Kila tani ya urea humeza takriban robo tatu ya tani ya hewa hiyo. Lakini, na hapa ndipo nisipoafikiana na wasifuo kwa pupa, mbolea ikisha kuyeyuka udongoni huirudisha angani muda si mrefu, basi kilichofungwa kiwandani hufunguliwa shambani.

Kwa hiyo sharti tuulize: hewa hiyo itafungwa kwa muda gani, na haidrojeni ya kuungana nayo itatoka wapi? Maana hewa ya ukaa ni mithili ya jivu, imekwisha kuungua, wala haikubali kugeuzwa ila kwa nguvu nyingi. Kule Svartsengi, Iceland, kilijengwa kiwanda kilichopewa jina la George Olah, mwanakemia aliyetunukiwa Nobel mwaka 1994, nacho kiliitwaa hewa itokayo pamoja na mvuke wa ardhini, kikayapasua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni, kikatengeneza methanoli. Mvuke kama huo sisi Wakenya tunao Olkaria. Nasikitika mno kwamba urea yetu ingali yaletwa kwa meli, na hali nguvu ya kuipata haidrojeni safi ya kutengenezea amonia yake inafukuta chini ya miguu yetu.