Tairi la Staa Lisikuponze kwenye Vilima vya Ngara

Kila msimu mitandaoni una staa wake wa baiskeli. Huyu wa sasa ana miwani ya njano, kifua cha gym na baiskeli ya magurudumu ya inchi 29 inayong'aa kuliko gari la jirani yake. Jina la nini, wapo wa namna hiyo hata kumi. Klipu zao zinafanana: anashuka kijilima nje kidogo ya Dar, vumbi linatimka, anafunga breki, halafu kamera inashuka taratibu mpaka kwenye tairi. Meno makubwa kama ya trekta. Maelezo ni mafupi: hili ndilo tairi, mengine midoli. Laiki zinamiminika, na katikati ya komenti kijana wa Ngara anauliza bei.

Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Staa mara nyingi kapewa tairi hilo kwa ajili ya tangazo, na likimchosha Jumapili anapakia baiskeli kwenye gari na kurudi zake nyumbani. Kijana wa Ngara atalinunua kwa hela ya kahawa, na Jumatatu asubuhi atakuwa juu yake akipandisha kilima kwenda kwenye mishe zake. Likipasuka njiani hakuna gari la kumfuata. Likiteleza kwenye mteremko hakuna wa kukata klipu na kuirudia.

Ukweli uko hivi, na utawaudhi baadhi ya mashabiki: kwa Ngara na Biharamulo, tairi bora la 29 ni lile linaloujua udongo wa hapo na ambalo fundi wa karibu anaweza kulihudumia. Umaarufu wa aliyelivaa haumo kwenye hesabu.

Namba inayowaliza wengi

Tuanze na mtego wa kwanza, maana huu unakula hela hata kabla baiskeli haijatoka dukani. Baiskeli za gia zimejaa za rimu 26, zipo za 27.5, na sasa hizi za 29 ndizo zenye kiki. Zilianza kujitokeza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2012 kwenye Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu ya baiskeli za milimani akiwa juu ya 29. Toka hapo ubishi kwamba gurudumu kubwa ni zito na la kivivu ukapungua sana. Gurudumu kubwa linapita juu ya mawe na mashimo kwa urahisi zaidi, na likishachanganya linatunza mwendo. Kwa njia za vijijini Kagera, hiyo ni faida ya kweli.

Sasa nenda duka la vipuri Biharamulo mjini au Ngara mjini ukatafute tairi. Utakachokuta kwa urahisi ni matairi ya Phoenix, yale yaliyoandikwa 28 x 1½, kwa sababu Phoenix ndiyo inayobeba ndizi, madumu na mkaa kila siku. Muuzaji anayetaka kufunga biashara atakwambia 28 na 29 vimepishana kidogo tu, litakaa. Halikai.

Angalia maandishi madogo ubavuni mwa tairi. La Phoenix lina namba 40-635. La 29 la upana wa 2.25 lina 57-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ndiyo isiyo na mjadala. Tairi la 635 kwenye rimu ya 622 lina ulegevu wa milimita 13. Utalivalisha bila hata kutumia nguvu, utalijaza upepo, na linaweza kuchomoka ukiwa katikati ya mteremko.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba rimu ya 29 ina kipenyo kilekile cha matairi yanayoandikwa 700C, zile baiskeli za mtumba za mjini kutoka Ulaya. Yote ni 622. Kwa hiyo ukikwama kabisa, tairi la mtumba lililoandikwa 40-622 linaweza kukufikisha nyumbani, japo ni jembamba na halina ubavu wa kuhimili njia mbaya kwa muda mrefu. Kariri namba hiyo moja, 622, kuliko jina la kampuni yoyote.

Udongo mmoja, tabia mbili

Mtego wa pili ni kudhani mlima ni mlima tu. Ngara ni vilima juu ya vilima. Unatoka juu unateremka kuelekea mto Ruvubu, unapanda tena, unateremka kuelekea Rusumo ambako Ruvubu na Nyabarongo zinakutana na kuwa mto Kagera. Udongo ni mwekundu. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, njia inakuwa ngumu kama sakafu na juu yake kuna changarawe na vumbi. Mvua za vuli na masika zikianza, udongo uleule unageuka sabuni. Unanata kwenye tairi, unajaa kwenye uma, gurudumu linagoma kuzunguka.

Biharamulo ni habari nyingine. Kuna tambarare nyingi zaidi, kuna mchanga, kuna pori la miombo, na kuna miiba. Halafu kuna lami ya kutoka Nyakanazi kupita Lusahunga mpaka Rusumo, ambako malori ya mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Mtu wa Nyakahura anaweza kuanza safari kwenye lami, akaingia changarawe, akamalizia kwenye kinjia cha mbuzi. Staa wa Dar hana njia kama hiyo kwenye klipu yake.

Sasa tulinganishe

Kundi la kwanza ni matairi ya meno madogo yaliyobanana, kama Maxxis Ikon au Kenda Small Block Eight. Haya ni mepesi na yanakimbia. Kwenye ardhi kavu na ngumu ni raha tupu, kupanda kilima hakuumizi mapaja sana. Mvua ikinyesha, nafasi kati ya meno inajaa tope na tairi linabaki kama limepakwa siagi. Kwa Ngara ya Julai, sawa. Kwa Ngara ya Aprili, usijaribu kuliweka mbele.

Kundi la pili ni meno makubwa hasa, kama Maxxis Minion DHF. Hili ndilo tairi la kwenye klipu. Sifa zake ni za kweli: linashika kona, linashuka kwa kujiamini, ubavu wake ni mgumu. Lakini lilitengenezwa kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni kushuka. Tairi moja la 29 lina uzito wa kama kilo moja, wakati Ikon la ukubwa wa 2.20 lina gramu 500 mpaka 700 hivi. Tofauti hiyo mara mbili, ipandishe kwenye kilima cha Ngara kila asubuhi. Na ukiliendesha kwenye lami ya Lusahunga linanguruma, linakuvuta nyuma, na meno ya katikati yanalika mapema. Unalipia meno ambayo lami inayala.

Kundi la tatu ni matairi ya lami na safari ndefu, kama familia ya Marathon ya Schwalbe. Haya yana mistari badala ya meno na mengi yana ngao ndani ya kuzuia pancha. Anayeishi kando ya lami na kuingia vumbini mara mojamoja hatajuta. Kwenye tope, mistari hiyo haina msaada.

Kundi la nne halina kiki kabisa, na ndilo lenye akili: meno ya wastani yaliyoachana kidogo, kama Maxxis Ardent au Schwalbe Nobby Nic, upana wa 2.25. Yanatema tope kuliko kundi la kwanza, na hayakuchoshi kama kundi la pili. Wapo wanaoweka meno ya wastani mbele na madogo nyuma. Wana hoja nzito: tairi la nyuma likiteleza unayumba, la mbele likiteleza unaanguka. Kwa hiyo mwenye hela ya tairi moja tu zuri aliweke mbele, hilo la zamani lihamie nyuma ilimradi halijawa kipara.

Na tusidanganyane kuhusu majina makubwa. Maxxis ni mali ya Cheng Shin ya Taiwan, kampuni ileile inayotoa matairi ya CST ambayo bei yake ni ya kawaida zaidi. Mpira na nyuzi hutofautiana, sawa, lakini CST au Kenda lenye meno sahihi na namba sahihi litakufaa kuliko Maxxis bandia lililobandikwa maandishi ya njano. Tairi la waya ni zito kidogo kuliko la kukunjika, ila bei yake ni nafuu. Hakuna aibu hapo.

Habari ya kutoa tyubu

Staa amesema pia kwamba tyubu ni za kizamani. Siku hizi tairi linakaa kwenye rimu bila tyubu, ndani kuna maji ya kuziba, mwiba ukiingia tundu linajiziba lenyewe. Haya si maneno matupu. Kwa miiba ya Biharamulo, teknolojia hiyo ingekuwa mkombozi.

Tatizo linakuja baada ya klipu kuisha. Maji hayo hukauka baada ya miezi kadhaa na lazima yaongezwe. Tairi likitoka kwenye rimu linataka upepo mwingi wa ghafla ili likae tena, na pampu ya mkono ya kawaida mara nyingi haiwezi. Mtu aliyeko Dar anapiga simu, bodaboda inamletea chupa. Mtu aliyeko ndani vijijini atasubiri basi la kesho kutwa. Tyubu yenye viraka kumi bado inatembea, na kiraka kinapatikana kila kijiji.

Kitu cha maana zaidi ni valvu. Baiskeli nyingi za 29 huja na ile nyembamba ndefu, ambayo pampu ya kwenye banda la bodaboda haiishiki. Adapta ndogo ya shaba inamaliza kesi hiyo. Iwe mfukoni kabla ya miwani ya njano. Na upepo usiwe wa kukisia: kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tyubu na tairi la 2.25, psi 28 mpaka 35 zinatosha. Ukijaza mpaka tairi linalia kama ngoma, linaruka juu ya changarawe badala ya kushika. Ukilegeza mno, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kama jino la nyoka.

Anayechekwa ndiye anayejua

Wa mwisho kwenye stori hii hana akaunti. Ni fundi wa chini ya mti, mwenye beseni la maji, msasa na gundi. Yeye ameona matairi yakifa kwa kila namna. Ndiye anayekata tairi kuukuu na kulilaza ndani ya jipya ili mwiba usifike kwenye tyubu. Akimwambia kijana kwamba tairi alilonunua haliifai njia hii, kijana anampigia picha, anaposti, watu wanacheka: mzee kabaki enzi za Phoenix.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika, saa chache tu kwa gari kutoka Rusumo. Vijana wa huku waliona kwamba baiskeli inaweza kuwa zaidi ya kubeba ndizi. Ni jambo la kufurahia. Lakini hata wale wakubwa wa Kigali hawachagui tairi kwa kuangalia nani kaposti. Nyuma yao kuna mafundi wanaotazama njia na hali ya hewa kwanza, halafu ndiyo wanafunga tairi na kupima upepo. Yaani wanafanya alichotaka kukifanya fundi wa chini ya mti kabla hajachekwa.

Staa aendelee kuposti, ndiyo kazi yake. Anayetoa hela ya mavuno asome ubavu wa tairi, aangalie kalenda ya mvua, halafu aende kwa fundi kabla ya kwenda dukani.

Wadau wa Ngara, Biharamulo na kwingineko: mnatembelea tairi gani, na limewahi kuwafanyia nini? Dondosheni hapo chini. Na mkitaja staa, tajeni na jina la kilima alichopanda.