Spika tano juu ya kabati moja

Malipo ya kahawa yakishatoka, pikipiki zinazopanda Mbuji kutoka Mbinga mjini huwa zimefungwa maboksi makubwa nyuma. Ndani kuna sabufa na spika zake tano. Mimi ni fundi redio, ndiye ninayeitwa kuziunga, na sebule nyingi nakuta mpango uleule: spika zote tano juu ya kabati la TV, sabufa imesukumwa kwenye kona, besi imefunguliwa mpaka mwisho. Bati linatetemeka, na mama mwenye nyumba anauliza mtangazaji amesema nini.

Wapo wanaoniambia niwaache, kila mtu na starehe yake. Sikubali. Mtu aliyechuma, akamenya na kuanika kahawa msimu mzima anastahili kupata kile alicholipia, na alicholipia ni sauti inayomzunguka. Mwaka 1940, Walt Disney alipotoa filamu ya Fantasia, kumbi chache za Marekani zilifungwa spika hadi pembeni na nyuma ya watazamaji kwa sababu hiyohiyo. Aliyesimama kwenye ngoma ya mganda kule Mbamba Bay au Liuli hahitaji kufundishwa: hata ukifumba macho unajua ngoma kubwa iko upande gani na nani anakuja nyuma yako. Sikio lina uwezo huo. Ukirundika spika mahali pamoja, umelinyima kazi.

Spika ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu kwenye filamu, kwa hiyo ikae karibu kabisa na TV, ielekee masikioni. Mbili za mbele zitanuliwe kushoto na kulia. Mbili zilizobaki ziende ubavuni mwa makochi, zirudi nyuma kidogo, zipande juu ya kichwa cha aliyekaa. Msumari mmoja ukutani unatosha kwa kila moja. Sabufa itolewe kwenye kona, maana kuta mbili na sakafu zikikutana huivimbisha besi mpaka inafunika sauti za watu. Isogeze hatua moja au mbili, kisha punguza kitufe chake. Nyumba zetu za tofali za kuchoma, sakafu ya saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti kutoka kila upande. Pazia zito na zulia vitakusaidia kuliko kuongeza sauti.

Na hizo wati. Boksi linatangaza maelfu, pembeni pameandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi mno. Geuza mashine, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Juzi mezani kwangu kulikuwa na moja ya namna hiyo: boksi linasema wati 8,000, kibandiko kinasema inakula wati 60. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu isiyoingia. Kibandiko ndicho cha kuamini, na mnunuzi akisome dukani kabla hajatoa pesa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Waya nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye king'amuzi hubeba njia mbili tu za sauti. Ukiziunga kwenye seti ya kawaida, spika za nyuma hurudia yaleyale ya mbele. Anayetaka kusikia mvua ya kwenye filamu ikimnyeshea mgongoni anunue seti yenye deki yake ndani, inayofungua sauti ya njia sita (tano za spika na moja ya sabufa), au deki ya DVD yenye matundu sita nyuma na sabufa yenye matundu sita ya kupokea. Kama huna mpango wa kutazama filamu za namna hiyo, nunua spika mbili nzuri, pesa inayobaki ikapige dari. Hilo nawaambia hata wateja ambao wangenilipa kuunga tano.

Usiku, besi ya kwenye mteremko mmoja inavuka bonde na kumkuta mgonjwa wa mteremko wa pili. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, lakini jirani asilazimike kufika huko.

Wenye maduka ya Mbinga nawaomba mawili. Waya unaokuja na spika za nyuma mara nyingi haufiki nyuma ya makochi, basi uzeni waya wa ziada kwa mita, kaunta ileile. Na mteja akija kujaribisha, mpeni kiti, spika mbili ziwekwe nyuma yake, muwashe filamu yenye watu wanaozungumza.