Uzito Ukirudi, Usiikimbie Kliniki

Ndugu mkulima wa skimu, mume au mke, uliyeambiwa na daktari kwamba una ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, shauri la mwezi huu ni lako. Ulisikia maneno ya daktari ukayafuata. Ulipunguza sukari katika chai, ukapunguza ugali, ukaenda sokoni kwa miguu. Uzito ukashuka, mshipi ukaingia tundu jingine, na damu ilipopimwa sukari ilikuwa imepungua. Majirani walikusifu. Kisha mwaka ukapita, na kilo zile zikarudi moja moja. Sasa kadi ya kliniki imelala sandukuni, maana huna hamu ya kusimama juu ya mizani mbele ya watu.

Maoni yetu ni haya: kunenepa tena si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kuikimbia mizani. Sukari haimngoji mtu mpaka aone haya zimekwisha. Huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu, tena polepole bila maumivu. Mtu aweza kukamua ng'ombe na kulima miaka mingi huku anaharibika ndani. Siku atakapohisi, tayari kidonda cha mguu kimeoza au macho yana ukungu. Ndipo ng'ombe huuzwa, na mtoto huachishwa shule ili ashike jembe. Katika shamba la ekari chache, mguu wa mwenye shamba ni mali kuliko jembe la ng'ombe.

MWILI HUPIGANA

Watu wengi hudhani kwamba anayenenepa tena ni mvivu au mlafi. Si kweli. Mwili wa binadamu umeumbwa kuogopa njaa. Ukipungua, huona kama ukame umeingia, nao hujitahidi kurudisha akiba yake.

Mwaka 2011 wataalamu wa mji wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwachukua watu wanene 50 wasio na ugonjwa wa sukari, wakawapa chakula kidogo sana kwa majuma kumi. Watu hao walipungua. Baada ya mwaka mzima walipimwa tena, ikaonekana kwamba homoni zinazoleta njaa mwilini zilikuwa bado juu kuliko hapo kwanza. Wenyewe pia walisema wana njaa zaidi. Basi ile njaa unayoisikia usiku si tabia mbaya. Ni kazi ya mwili, nayo huendelea muda mrefu. Ajuaye hivyo hujiandaa, kama mkulima ajuaye kwamba magugu yataota baada ya palizi ya kwanza.

Tazama pia kazi iliyofanywa Uskoti na kaskazini ya Uingereza, iliyotangazwa kuanzia mwaka 2017. Wagonjwa wa sukari wa aina ya pili walisaidiwa kupunguza uzito sana. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 walikuwa wameacha dawa za sukari na damu yao haikuonyesha tena kiwango cha ugonjwa. Baada ya mwaka wa pili walibaki 36. Wengine uzito uliwarudia. Lakini angalia jambo hili: wataalamu wale walikuwa wamekwisha panga tangu mwanzo kwamba mgonjwa akianza kunenepa tena, aitwe na kusaidiwa kurudia chakula kile cha kupunguza. Kama wao waliona kurudi kwa uzito ni jambo la kutazamiwa, kwa nini wewe ulione kuwa ni aibu?

PIGA HESABU KAMILI

Tuseme ulikuwa na kilo 92, ukashuka hadi 82, na leo una 88. Wewe wasema, "Kazi yangu yote imepotea." Hesabu yasema bado una kilo 4 pungufu ya mwanzo. Tena miezi ile ambayo sukari ilikuwa chini, macho na figo zako zilipumzika, na hiyo ni faida. Kwa mtu wa kilo 92, kupunguza sehemu 5 katika 100 ni kilo 4 na nusu tu, na hata hizo husaidia kushusha sukari na shinikizo la damu.

Wazee wa skimu wanayakumbuka mambo ya mikopo. Mipango ya Milioni ya Ekari ilipoanza mwaka 1962, watu walipewa ardhi kwa mkopo, na wengi walichelewa kulipa. Aliyechelewa hakupata faida kwa kujificha. Deni lilizidi kukua pale pale lilipoandikwa. Sukari nayo ni deni la namna hiyo. Kuifunga kadi sandukuni hakuipunguzi.

TAFUTA ULIKOPITIA UZITO

Kabla ya kuanza tena, tafuta mahali ambapo uzito uliingilia. Katika Meru na Embu milango yake yajulikana.

Wa kwanza ni fedha za msimu. Mwezi wa Oktoba bonasi ya chai hulipwa, na wenye kahawa nao huwa na siku yao. Nyama choma, soda na chapati huanza siku ile na huendelea majuma mengi. Soda moja ya mililita 300 hukaribia kuwa na vijiko 8 vya sukari.

Wa pili ni pikipiki. Mwendo wa nusu saa kwenda sokoni sasa ni dakika tano juu ya bodaboda.

Wa tatu ni miraa kwa watu wa Igembe na Tigania, na muguka kwa watu wa Mbeere. Mtafunaji hasikii njaa mchana, hushushia kwa soda au chai tamu, na usiku njaa humrudia akala sahani mbili kisha akalala.

Wa nne ni chai ya kila mkutano, ya chama, ya matanga na ya kanisa. Vikombe vitano vya vijiko viwili viwili ni vijiko kumi kwa siku.

Wa tano wengi hawaujui. Dawa nyingine za sukari, kama insulini na glibenklamidi, zaweza kuongeza uzito. Mweleze daktari, labda ataona yafaa kubadili dawa au kipimo chake. Lakini usiiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, hasa insulini.

JINSI YA KUANZA TENA

Kwanza, rudi kliniki juma hili. Usingoje upungue kwanza ndipo uende. Iwe ni hospitali kubwa ya Meru au ya Embu, iwe ni Chogoria, Nkubu au Maua, au zahanati iliyo karibu nawe, omba upimwe uzito, shinikizo la damu na sukari, pamoja na kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita.

Pili, mweleze daktari kabla ya kupunguza chakula sana. Mwenye kutumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula bila kupunguziwa dawa, sukari yaweza kushuka mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapo anywe mara moja maji yenye sukari, kisha ale.

Tatu, chagua mambo mawili tu, usichague kumi. Kwa mfano, chai bila sukari, na nusu ya sahani iwe mboga, kama sukumawiki, terere au majani ya kunde. Usiache chakula cha kwetu. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, ndengu, njahi na uji wa mtama au mawele usiotiwa sukari vyafaa, mradi usijaze sahani mara mbili.

Nne, jipime mara moja kwa juma, siku ile ile. Asiye na mizani atumie utepe wa fundi wa nguo kupima kiuno, aandike katika daftari lile lile la maziwa. Weka mpaka: kilo 2 zikirudi, rudi kliniki. Kupunguza kilo 2 ni rahisi kuliko kupunguza kilo 10.

Tano, kagua nyayo zako kila jioni baada ya kunawa, na usiende shambani miguu mitupu.

NENO KWA JAMAA NA WAHUDUMU

Mke au mume wa mgonjwa, usimpikie chakula chake peke yake kama mfungwa. Chakula kinachomfaa yeye chawafaa watoto pia. Nanyi majirani, acheni kusema, "Umenenepa, mambo ni mazuri!" Nanyi wahudumu wa afya, mgonjwa aliyepotea mwaka mzima akirudi, mkaribisheni. Akigombezwa mbele ya foleni hatarudi tena, na mtakapomwona mara nyingine ataletwa amebebwa.

Hakuna mkulima wa Timau anayeacha viazi milele kwa sababu ya msimu mmoja wa baridi kali, wala wa Makima anayeliacha shamba kwa mvua moja iliyokosa. Huangalia kilichobaki ghalani, hutafuta mbegu, hulima. Basi wewe nawe toa ile kadi sandukuni. Uzito ulioandikwa humo ni wa zamani. Nenda ukaandikiwe wa leo.